Sahani Zisizo na Maneno

Katika nyumba ya babu yetu, Mwigobero, mjini Musoma, si mbali na mahali zinapofunga mashua za kwenda Kinesi na visiwani, kulikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa bati pembeni. Halikuwa na fedha ndani yake, wala hati ya shamba, wala nguo za arusi. Lilikuwa na sahani za santuri sitini na moja, na karibu zote zilikuwa za ala peke yake: tarumbeta, filimbi, saksafoni, gitaa na vinanda, pasipo mtu wa kuimba hata neno moja.

Babu alipofariki, jamaa walikutana kugawanya vitu, na sanduku hilo likaleta maneno. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Mwanza alikuwa amekwisha kuleta habari kwamba atalitwaa lote kwa bei isiyozidi ya mbuzi mmoja, na wako waliosema, "Heri mbuzi, maana gramafoni yenyewe imekufa siku nyingi." Shangazi yetu, aliyemwuguza babu mpaka mwisho, alikataa, lakini alipoulizwa sahani hizo zina faida gani, hakuweza kujibu. Ndipo sisi tulio waalimu katika jamaa tukaomba muda wa mwezi mmoja, tuziandike zote katika daftari, tujue ni za nani na zimetoka wapi, kisha jamaa waamue. Tulidhani kazi itakuwa nyepesi: kusoma kikaratasi cha katikati ya kila sahani, kunakili jina la tuni na la mtunzi, basi. Kumbe vikaratasi vile havisemi yote, na vingine husema uongo.

Wasomaji walio vijana huenda hawajaiona gramafoni ila katika picha. Ni kisanduku chenye kamani ndani yake, kama kamani ya saa, nayo hukazwa kwa kuzungusha mpini. Sahani huwekwa juu na kuzunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma hupita katika mfuo mwembamba uliochorwa juu yake, ikitetemeka kwa kuufuata. Kiwambo chembamba huupokea mtetemo ule, na pembe huukuza. Hapana haja ya umeme hata kidogo. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi hauzidi sana dakika tatu, kisha sindano yapasa kubadilishwa, kwa kuwa sindano iliyochakaa huula mfuo. Aliyevumbua sahani hizi ni Emile Berliner, Mdachi aliyehamia Marekani, mwaka 1887. Miaka kumi kabla yake Thomas Edison alikuwa amekwisha kunasa sauti juu ya karatasi ya bati, lakini ni sahani ya Berliner iliyoweza kupigwa chapa kwa maelfu kama gazeti.

Sahani za zamani zilitengenezwa kwa unga wa mawe uliochanganywa na lakiri. Kila aliyepata kuona barua ya serikali ya siku zile anaijua lakiri, ile nyekundu iliyoyeyushwa na kupigwa muhuri. Asili yake ni wadudu wadogo wa Bara Hindi, ambao hutoa utomvu juu ya matawi ya miti, nao ukikauka hukwanguliwa na kuyeyushwa. Kwa sababu hiyo sahani hizo zilikuwa nzito, nazo zilivunjika kama kigae. Jambo hilo twalijua kwa aibu. Tulipokuwa watoto, mchana mmoja babu akiwa kazini, tuliiangusha moja juu ya saruji. Ikapasuka nusu kwa nusu. Kwa hofu tukakimbia na nusu moja mpaka majabali ya pwani, tukaitupa ziwani. Nusu ya pili shangazi alitunyang'anya, akairudisha sandukuni. Jioni babu aliishika mkononi akaigeuzageuza. Hakutupiga. Alisema tu, "Basi hata jina limekwenda," naye akaifunga katika karatasi yake. Hatukuelewa asemalo.

Sahani zilifikaje Mwigobero? Kwa maji. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku zile meli za ziwani zilichukua bidhaa kutoka Kisumu na kuzishusha katika bandari za Ziwa Viktoria, Musoma ikiwa mojawapo. Babu alikuwa karani wa mizigo gatini. Alikuwa akisimulia kwamba katikati ya makasha ya sabuni, misumari na mafuta ya taa, kasha la sahani ndilo peke yake lililowafanya wapagazi watembee kama watu waliobeba mayai. Mwanzoni zilitoka Uingereza na Bara Hindi. Baadaye, katika miaka ya 1950, nyingine zilipigwa chapa Nairobi. Mwenye duka akifungua kasha, babu alikuwa wa kwanza kusimama mbele ya meza, na nusu ya mshahara wake, asema shangazi, ilibaki pale pale dukani. Bibi alimsamehe mambo mengi, lakini hilo hakulisamehe kabisa.

Watu wa pwani walitutangulia katika jambo hili. Mwaka 1928 kampuni yenye alama ya mbwa asikilizaye pembe ilimchukua Siti binti Saad wa Unguja na wenzake mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mashine, na sahani zao za Kiswahili zikauzwa katika Afrika ya Mashariki yote. Katika sanduku la babu zimo mbili tu za namna hiyo, tena hazina mikwaruzo; hazikupigwa mara nyingi.

Siku moja tulimwuliza kwa nini hapendi zile zenye maneno. Akatujibu kwa kutueleza baraza lake. Jioni walikuja kwake Wakwaya na Wajita, Wakurya kutoka Tarime, Wajaluo kutoka ng'ambo ya Kinesi, Wasukuma wa mashua, na fundi wa saa wa Kihindi. "Nikiweka wimbo wa Kijaluo," alisema, "Mjaluo hucheka, wengine humtazama mdomo. Nikiweka wa Kihindi, fundi hulia peke yake. Nikiweka taarabu, basi ni mafumbo, na kila mtu huona limefumbwa kwa ajili yake, nasi twalala na ugomvi. Lakini filimbi, wajukuu zangu, filimbi haijui mtu ametoka wapi." Tena alikuwa mzee wa kanisa, na katika siku zile wako waliozitazama sahani kwa jicho baya kwa sababu ya maneno ya nyimbo. Sahani isiyo na maneno, alidhani, haiwezi kumkosesha mtu.

Kwa kuwa hakukuwa na maneno ya kuzitambulisha, naye Kiingereza chake kilikuwa cha hati za mizigo tu, babu alizipa tuni zake majina mwenyewe, akayaandika kwa penseli juu ya mifuko yake. Tumeyasoma yote: "Mvua ya Bunda", "Meli ya Bukoba Imechelewa", "Bibi Amekasirika", "Arusi ya Mwalimu", "Soko la Jumamosi". Hayo ndiyo majina tuliyokulia nayo. Katika daftari tuliyaandika upande wa kushoto, na upande wa kulia tukaandika jina lililopigwa chapa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka.

Tuchukue "Arusi ya Mwalimu". Ni saksafoni inayoimba kwa sauti ya mtu aliyechangamka kupita kiasi, na gitaa zikimfuata nyuma. Babu aliipiga katika arusi ya mwalimu mmoja wa shule, nje ya kanisa, wachungaji wamekaa mbele, tangu hapo ikawa sahani ya arusi zote. Juu ya kikaratasi imeandikwa "Skokiaan". Neno hilo ni jina la pombe ya kificho iliyopikwa katika mitaa ya miji ya Afrika ya Kusini na Rhodesia, iliyoharakishwa kuchachuka ili iive kabla polisi hawajafika. Mtunzi wake ni August Musarurwa wa Bulawayo, aliyewahi kuwa mkalimani wa polisi, na bila shaka aliijua pombe hiyo kwa njia ya kazi. Shangazi tulipomweleza alifunika uso kwa kanga akacheka mpaka akatoka machozi. "Baba yangu," alisema, "ambaye hata togwa aliinusa kwanza!"

Lakini habari ya Musarurwa haichekeshi mpaka mwisho. Kundi lake liliundwa na wafanya kazi wa halmashauri ya serikali ya kuhifadhi nyama katika barafu, na tuni hiyo waliinasisha mwaka 1947. Mwaka 1954 sahani yake ilivuka bahari, na mara makundi makubwa ya Marekani yakaipiga kila moja kwa namna yake, la Ralph Marterie na la Louis Armstrong yakiwamo. Ikapigwa na watu wasiojua Bulawayo iko upande gani wa dunia. Jina la mtunzi lilikwenda pamoja nayo, ila lilivunjwa njiani: katika sahani nyingi limeandikwa "Msarurgwa", neno ambalo hata mtu wa Bulawayo hawezi kulitamka vizuri. Mwaka 1960 Armstrong alipozuru Rhodesia alikutana na Musarurwa uso kwa uso. Musarurwa alifariki mwaka 1968.

Kundi la pili katika sanduku ni filimbi. Hizi babu alizipenda kuliko zote, nazo ni za mtindo uitwao kwela. Neno ni la Kizulu na la Kixhosa, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi, maana ni ndugu wa neno letu kwea. Maana yake panda, inuka. Vijana wa mitaa ya Johannesburg walipiga filimbi za bati zenye matundu sita, ambazo bei yake hata mtoto aliweza kuipata, nao walipiga pembeni mwa njia mpaka polisi wawafukuze. Mwaka 1954 Spokes Mashiyane alinasisha sahani zake za kwanza zilizojulikana, na kwela ikaenea. Mwaka 1956 vijana wengine, Elias Lerole na wenzake, wakanasisha tuni iitwayo "Tom Hark". Nayo mwaka 1958 ikapendwa Uingereza kiasi cha kupanda mpaka nafasi ya pili katika mauzo ya sahani za nchi ile. Hesabu hiyo ni ya ajabu ukiifikiri: watoto wa njiani, wenye filimbi za bati, wamewashinda waimbaji karibu wote wa London kwa dakika chache zisizo na neno. Mashiyane alipohamia kampuni nyingine mwaka 1958 alipata mkataba wa kulipwa mrabaha, yaani sehemu ya fedha kwa kila sahani iuzwayo. Tulisoma kwamba katika nchi yake hakuna mpiga muziki mweusi aliyepata mkataba wa namna hiyo kabla yake. Wengine walilipwa mara moja kwa siku ya kazi, kama vibarua wa kupakua meli, wakaenda zao.

Sasa twafika kwenye sahani kubwa. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha, na baada yake jamaa nyingi za Kihindi zilifunga maduka katika miji yetu zikahama. Jirani mmoja mwenye duka, aliyekuwa rafiki wa baraza, alimwachia babu gramafoni ya betri na sahani kadhaa za plastiki, zile za inchi 12 zizungukazo mara 33 na theluthi kwa dakika, ambazo kila upande huenda zaidi ya robo saa. Moja yao ilikuwa imepigwa na okestra ya Bert Kaempfert, Mdachi wa Hamburg, iliyotolewa mwaka 1962 kwa jina "A Swingin' Safari".

Sahani hii ndiyo sisi wajukuu tuliyoijua kama wimbo wa taifa. Ni muziki wa upole, uliolainishwa pande zote kama jiwe la pwani; tarumbeta hazipigi kelele, filimbi zacheza juu yake, na zeze la besi ladonadona chini kama kuku. Muziki wa namna hiyo ulipendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ile. Ulipigwa katika hoteli, katika maduka makubwa na katika redio, kwa kuwa haukumsumbua mtu aliyekuwa akila au akizungumza. Watu wenye elimu ya muziki waliudharau. Sisi hatuoni sababu ya kuudharau. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa gatini, akihesabu magunia, hana deni la kusikiliza muziki mgumu jioni. Tulidhani, kama babu alivyodhani, kwamba ni muziki wa Kizungu kabisa. Hata alipowaonyesha wageni sahani hii alisema, "Sikilizeni Wadachi wanavyopiga."

Tukasoma kikaratasi. Tuni ya mwisho ya upande wa pili ni "Skokiaan" ile ile ya Musarurwa. Filimbi zile ni kwela tupu, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Na ile tuni ya pili ya upande wa kwanza, ambayo babu aliiita "Soko la Jumamosi" na jina lake la chapa ni "That Happy Feeling", mbele yake limeandikwa jina la mtunzi: Warren. Nani Warren? Ni Guy Warren, mpiga ngoma wa Accra, katika nchi iliyoitwa Gold Coast na sasa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1923, mwaka mmoja na Kaempfert. Alikwenda Marekani, na mwaka 1956 akatoa sahani yake mwenyewe, ambamo tuni hiyo iliitwa "Eyi Wala Dong". Maana yake ni "Shukrani Zangu kwa Mungu".

Tulikaa kimya kidogo tulipoifahamu habari hiyo. Basi babu yetu, pasipo kujua, alipiga pombe ya kificho mlangoni pa kanisa, na shukrani kwa Mungu akaiita soko. Tuni zisizo na maneno zilikuwa zimemficha yote mawili.

Si kila kitu chenye jina la Kiafrika ni cha Waafrika weusi; katika sahani hiyo imo "Zambesi", na watunzi wake ni Nico Carstens na Anton de Waal, Wazungu wa Afrika ya Kusini. Twaandika hayo ili msomaji asidhani tunavuta kila kitu upande wetu. Lakini imo na "Wimoweh", na hiyo yataka kusimuliwa polepole.

Mwaka 1939, katika chumba cha kunasia sauti cha kampuni ya Gallo, Johannesburg, Solomon Linda, Mzulu, aliimba na wenzake wimbo alioutunga uitwao "Mbube", yaani Simba. Uliuzwa sana katika Afrika ya Kusini. Sahani moja ilifika Marekani mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger, naye akayasikia maneno ya Kizulu vibaya. Neno lililohusu simba likawa "Wimoweh", neno lisilo na maana katika lugha yo yote. Kundi lake, The Weavers, liliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahali pa mtunzi pakaandikwa jina Paul Campbell. Mtu huyo hakuzaliwa na mama ye yote. Lilikuwa jina la kubuniwa, lililotumiwa kukusanya fedha za nyimbo za kale zilizodhaniwa hazina mwenyewe. Mwaka 1961 wengine wakauwekea maneno ya Kiingereza, ukawa maarufu dunia nzima. Mwaka 1962, ndio mwaka Kaempfert alipoutoa bila maneno, Linda alifariki. Haki zake zote alikuwa ameziuza kwa shilingi kumi. Seeger, alipojua, alimpelekea dola 1,000, lakini fedha nyingi zilikuwa zimepita njia nyingine, na mjane hakuwa na uwezo wa kununua jiwe la kaburi.

Habari hiyo ilipata mwisho mwingine, na aliyeuleta ni sheria ya zamani. Sheria ya Uingereza ya haki za watunzi ya mwaka 1911, iliyoenea katika nchi za himaya yake, ilisema kwamba hata mtu akiuza haki za kazi yake, zitawarudia warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Binti za Linda hawakuambiwa hayo na mtu. Mwaka 2004, baada ya wimbo huo kutumiwa katika sinema ya "The Lion King" ya mwaka 1994, mawakili walilifufua neno hilo wakaipeleka kampuni ya Disney mahakamani, na mwaka 2006 mapatano yakafanyika, jina la Linda likakubaliwa kuwa la mtunzi, na warithi wakapata sehemu yao. Yaani haki ilikuwa imelala katika kitabu tangu mwaka 1987, ikingoja mtu wa kuisoma.

Je, Mdachi yule ni mwizi? Katika jamaa yetu wako waliosema ndiyo, na kijana mmoja akataka sahani itupwe. Sisi hatukukubali. Kaempfert alimwandika Warren palipompasa Warren, na mtu akipiga tuni ya mwenzake akamtaja jina lake hakumwibia, amemwongezea wasikilizaji. Alilipa aliyeandikwa. Kosa lilitendeka mbele zaidi, mezani, wakati mmoja alipokuwa na kalamu na mwingine alikuwa na sauti tu. Wala jambo hilo si la Wazungu na Waafrika peke yao. Wimbo wa "Malaika" ulienezwa kwa sahani na Fadhili William wa Kenya, na hata leo wako wasemao kwamba mtunzi wake ni Adam Salim wa Tanganyika. Nao wamebishana miaka mingi, wote wakiwa watu wa lugha moja.

Kuna swali lingine lililotusumbua kuliko hilo, nalo halihusu yaliyomo sandukuni, bali yasiyomo. Katika sahani sitini na moja hamna hata moja ya nchi yetu ya Mara. Katika baraza la babu alikuwako mzee wa Kikurya, mlinzi wa ghala gatini, aliyepiga litungu, lile zeze kubwa la nyuzi nane. Shangazi asema gramafoni ilipokuwa ikipumzishwa, huyo mzee alishika litungu lake, akazifuata tuni za filimbi kwa masikio tu, akazigeuza mpaka zikawa za Tarime. Hizo hazikunaswa. Wala si kwamba mashine za kunasia hazikukaribia ziwa letu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Kenya na Tanganyika akikusanya sauti, na kule Kapkatet kwa Wakipsigis, si mbali sana na mpaka wetu, alinasa wasichana wakiimba habari za "Chemirocha". Aliuliza ni nani, akaambiwa ni nusu mtu, nusu swala. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, asiyepata kukanyaga Afrika. Sahani zake zilikuwa zimefika vijijini mwao, na jina likageuzwa kwa ulimi wa Kikipsigis. Waliovunja jina la Musarurwa hawakuwa na neno la kusimulia. Wasichana wa Kapkatet walimpa Rodgers kwato na ngoma.

Lakini Mwigobero hakuja mtu na mashine. Tulimwuliza shangazi jina la mzee wa litungu, tuliandike angalau katika daftari. Akafikiri sana. Akakumbuka jina la baba yake, la ubatizo akalisahau. Watu wengine wa baraza lile wamekwisha kufa wote.

Mwezi ulipotimia jamaa walikutana tena. Tuliwasomea daftari kuanzia jioni mpaka taa ikazimwa, na yule aliyesema heri mbuzi ndiye aliyeuliza maswali mengi. Kijana mmoja aliichomeka gramafoni ya betri katika mashine yake ndogo, wakaisikia tuni ya Warren, na shangazi akasema kwamba tangu leo asiitwe mtu kwenda sokoni inapopigwa. Mnunuzi wa Mwanza alipopeleka habari tena, ameongeza bei ikawa mbuzi wawili. Sanduku lingali chumbani kwa shangazi, juu ya matofali, kwa ajili ya mchwa.

Katika daftari sahani zote zina jina la tuni na la mtunzi, au dalili yake, ila moja, namba 17. Ni ile nusu. Juu ya karatasi yake babu ameandika kwa penseli "Kijana wa Filimbi". Katika kipande cha kikaratasi kilichobaki yasomeka neno "KWELA" na herufi mbili za mwanzo wa jina la mtu. Zilizosalia ziko chini ya maji, karibu na majabali. Mbele ya namba hiyo tumeandika herufi zile mbili, kisha tukaacha nafasi.